Vyeti havipo, majina hayafanani, na barua ya vocha ya nyumba imefika

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Louisville, Kentucky. Sisi ni Wakongomani, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 2019. Miaka mitatu iliyopita nilijiandikisha kwa ajili ya vocha ya nyumba, ule msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, na sasa barua imekuja: nipeleke vyeti vya kuzaliwa vya watu wote wa nyumbani, namba za sosho (Sosho Sekyuriti, hifadhi ya jamii), karatasi za uhamiaji na ushahidi wa kipato, ndani ya siku 14. Watoto wangu watatu wakubwa walizaliwa kambini na hawana vyeti, mdogo kazaliwa hapa. Namlea pia mtoto wa marehemu dada yangu, tulikuja naye. Majina yetu hayafanani. Mimi, mume wangu na mama mkwe wote tumeandikwa kuwa tulizaliwa Januari 1. Mume anafanya kazi kiwandani kupitia wakala, saa zinapanda na kushuka. Mama mkwe anapata SSI, ile pesa ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu wasio na kipato. Mimi nasafisha nyumba ya mtu kila wiki, ananilipa dola 120 mkononi. Jirani ananiambia hizo nisizitaje, na yuko mtu anayeweza kututengenezea vyeti kutoka Bukavu, huko Kongo. Siku zinakwisha. Nifanyeje?

Jibu: Mama, pole kwa presha, na hongera kwa jina lako kufikiwa kwenye orodha. Naanza na yale mawili uliyomalizia, kwa kuwa ndiyo yanayoweza kukuharibia kabisa. Vyeti vya Bukavu usivinunue. Dola 120 zitaje. Sababu zake nitazieleza huko chini. Hayo mengine yote yanatatulika, na nimeyaona yakitatuliwa kwa familia zilizotoka kambi hiyohiyo. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Kigoma, na miaka yangu mingi hapa Marekani nimeipitisha nikiandaa mafaili ya namna hii pamoja na akina mama kama wewe.

Kwanza uelewe nani anadai nini. Vocha hii, ambayo wengi wetu tunaiita Sekisheni 8, inalipiwa na serikali kuu kupitia HUD, yaani Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Lakini anayekuita, kukuhoji na kuamua ni ofisi ya nyumba ya mji wenu. Ofisi kama hizo zipo zaidi ya 2,000 nchi nzima. Kwa hiyo barua uliyopokea imebeba mambo ya aina mbili yaliyochanganywa pamoja: yanayodaiwa na kanuni za taifa, na yale ambayo ofisi imejiwekea yenyewe. Kanuni za taifa zinataka ofisi ihakikishe kipato cha kaya hakizidi kiwango, ambacho kwa kawaida ni nusu ya kipato cha kati cha eneo lenu. Kwamba yupo mwanakaya mwenye uraia au hadhi ya uhamiaji inayokubalika. Kwamba namba za sosho zimetolewa. Na kwamba kila mtu mzima ametia saini idhini ya kuchunguzwa kwa taarifa zake. Cheti cha kuzaliwa hakimo katika orodha hiyo. Ofisi inakitaka ili ijue umri wa mtoto na uhusiano wake nawe, na utaratibu huo umeandikwa katika kitabu chao cha uendeshaji ambacho kila ofisi lazima iwe nacho na kila mwananchi ana haki ya kukisoma. Mara nyingi humo ndani utakuta pia orodha ya karatasi zinazoweza kushika nafasi ya cheti. Kwa hiyo ukifika dirishani usiseme "sina vyeti" ukanyamaza. Sema: "Watoto hawa walizaliwa kambi ya wakimbizi. Hizi ndizo karatasi nilizonazo za umri wao. Mnakubali zipi?"

Kuhusu siku 14, kesho asubuhi andika barua fupi ya kuomba muda, hata kama unadhani utawahi. Andika tarehe, taja karatasi zipi tayari unazo, zipi unazifuatilia na kwa nani. Ipeleke mwenyewe na uombe nakala yako igongwe muhuri wa siku iliyopokelewa. Kwa karatasi za uhamiaji kanuni ya taifa yenyewe inaruhusu nyongeza ya hadi siku 30, ukithibitisha kwa maandishi kwamba karatasi haipatikani kwa sasa na kwamba unaitafuta kwa bidii. Kwa zile nyingine inategemea ofisi, lakini ombi lililoandikwa kabla ya siku kuisha husikilizwa kuliko maelezo yanayoletwa baada ya faili kufungwa.

Sasa tuje kwa watoto wa kambini. Tafuta kwanza I-94, ile karatasi ya kuingilia nchini yenye maandishi kwamba mtoto ameingia kama mkimbizi chini ya kifungu cha 207 cha sheria ya uhamiaji. Hiyo ni dhahabu. Ina jina, ina tarehe ya kuzaliwa, na inathibitisha hadhi ambayo sheria ya nyumba inaikubali. Kama mmeshapata grini kadi, herufi RE zilizo kwenye sehemu ya aina ya kadi zinaonyesha mliipata kwa njia ya ukimbizi. Ukiongeza rekodi za shule na kadi ya chanjo, umri wa mtoto unakuwa umesemwa na mashahidi watatu tofauti. Na kama mlihifadhi tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali mliyopewa mlipojifungua Nyarugusu, ilete pamoja na tafsiri yake. Wazazi wengi huiona kikaratasi tu. Mimi huiona karatasi iliyoandikwa wiki ile mtoto alipozaliwa, na ndilo jambo ambalo afisa anatafuta. Shirika lililowapokea 2019 huenda bado linayo nakala ya faili lenu la kuwasili, kwa hiyo wapigie simu mapema.

Ndiyo maana nasema usinunue cheti. Fikiria anachokiona afisa. Mbele yake kuna I-94 inayosema mtoto kazaliwa Tanzania, na pembeni yake cheti kipya kinachosema kazaliwa Bukavu, kimetolewa mwaka huu na mtu ambaye hajawahi kumwona. Ulikuwa na pengo linaloelezeka. Sasa una uongo ulioandikwa. Na uongo huo hauishii kwenye nyumba. Faili lenu la uhamiaji lina yale mliyoyasema kambini kwenye mahojiano, na siku mtakapoomba uraia maswali yanaweza kurudi. Kutoa maelezo ya uongo kwa serikali kuu ni kosa la jinai ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Anayekuuzia karatasi hiyo hatakuwepo chumbani siku hiyo.

Mtoto aliyezaliwa Kentucky ni raia. Wewe mzazi unamtilia saini tamko la uraia, na cheti chake kinapatikana ofisi ya takwimu za vizazi ya jimbo. Mtoto wa marehemu dada yako, pole sana kwa msiba huo, ni wa kaya yako kama wengine. Hakuna kanuni ya taifa inayotaka watoto wawe wa kuzaa. Ofisi inachotaka kujua ni kwamba kweli anaishi kwako na wewe ndiye unayemlea. Kama mahakama ilishakupa ulezi, leta hati yake. Kama haikufika huko, kusanya karatasi za kuwasili zinazoonyesha mlikuja katika kesi moja, rekodi ya shule yenye jina lako kama mlezi, na barua ya daktari wake au shirika lililowapokea. Hapo pia ongeza maelezo yako mwenyewe yaliyotiwa saini: mama yake alifariki lini, umemlea tangu lini.

Majina sasa. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nimeona familia nzima zikisimama miezi kwa ajili ya jambo hili. Mkongomani ana jina, ana lile la baada ya jina, na ana jina la ubatizo. Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, lile la pili ndilo lililoshika nafasi, na mpaka leo sheria ya familia ya Kongo inayatambua yote matatu. Kila mtoto anaweza kupewa jina la babu, la shangazi, la siku aliyozaliwa. Mfumo wa Marekani unasisitiza mawili: la kwanza na la ukoo. Mwandishi wa kambini aliyagawa alivyoona, yule wa uwanja wa ndege akayageuza, shule ikakata moja. Afisa kijana anayelifungua faili lako kwa mara ya kwanza anaona watu wanane wenye majina manane ya ukoo, na akilini mwake kuna kaya tatu zinazojaribu kupata vocha moja.

Usimwachie akisie. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilipeleka faili la familia moja ambamo mama alikuwa Nabintu kwenye karatasi moja na Nabitu kwenye nyingine. Niliona ni herufi moja tu, sikuandika neno. Ofisi ile ililiweka kando, barua ya kuomba ufafanuzi ikaenda kwenye anwani ya zamani, na jina lao likatolewa kwenye orodha. Ilituchukua miezi mitatu na rufaa kulirudisha, na miezi yote hiyo walilala watu saba kwenye vyumba viwili. Tangu siku ile, kila faili ninalolishika linabeba ukurasa mmoja wa mbele. Upande wa kushoto ni jina kamili la kila mtu kama lilivyo kwenye karatasi ya uhamiaji. Katikati, namna nyingine zote ambazo jina hilo limeandikwa na ni kwenye karatasi gani. Kulia, uhusiano wake na mkuu wa kaya. Chini yake unaandika sentensi tatu: kwamba Kongo watu wa familia moja hawalazimiki kuwa na jina moja la ukoo, kwamba tofauti za herufi zilitokana na uandikishaji, na kwamba hawa ni watu walewale. Tia saini na tarehe. Ukurasa huo umeokoa kazi nyingi kuliko karatasi nyingine yoyote niliyowahi kuiandaa.

Januari 1 nayo ina historia yake: ndiyo tarehe waliyoandikiwa watu wengi kambini pale siku yenyewe ilipokuwa haijulikani. Kwenye fomu ya nyumba andika tarehe iliyo kwenye karatasi zako za uhamiaji, hata kama mama yako alikuambia ulizaliwa msimu wa mahindi mwezi wa nne. Kompyuta inalinganisha jina, tarehe na namba ya sosho. Moja ikipishana, taarifa zako hazilingani na faili linasimama. Ukitaka kuisahihisha tarehe, anzia uhamiaji, kisha Sosho Sekyuriti, halafu ndipo uje ofisi ya nyumba.

Mama mkwe ana wepesi wake. Mtu asiye raia aliyefikisha miaka 62 anatakiwa tu kutia saini tamko la hadhi yake na kuonyesha ushahidi wa umri. SSI yake inahesabiwa kuwa kipato, na barua ya mwaka huu kutoka Sosho Sekyuriti inatosha kuithibitisha. Lakini angalia hili kwa makini: kama hajapata uraia, SSI ya mkimbizi ina kikomo cha miaka 7, na kwa ninyi mliofika 2019 kikomo hicho kinaangukia 2026. Ikikatika, peleka barua ya kukatwa wiki hiyohiyo ili kodi yenu ihesabiwe upya.

Kipato cha mume kinahitaji karatasi za mshahara zisizopungua mbili, za karibuni na zinazofuatana. Kwa mtu ambaye saa zake hazitabiriki mimi hupeleka za wiki nane, kwa sababu mbili zikiangukia wiki za ovataimu, ofisi itazidisha kana kwamba mwaka mzima ni ovataimu, na kodi yenu itapanda kwa pesa ambazo hazipo. Muulize pia kama amebadilisha wakala mwaka huu. Waajiri huripoti wafanyakazi wapya na mishahara kwa serikali, na ofisi ya nyumba inaziona taarifa hizo kupitia mfumo wa HUD unaokusanya kutoka Sosho Sekyuriti na daftari la taifa la waajiriwa. Wakala wa zamani na wa sasa wanaweza kuonekana kama kazi mbili za wakati mmoja. Barua ya mistari miwili kutoka kwa wakala wa zamani, yenye tarehe ya siku ya mwisho ya kazi, inamaliza jambo hilo.

Dola zako 120 sasa. Kwa mwaka ni dola 6,240, yaani dola 520 kwa mwezi. Mwenye vocha kwa kawaida hulipa karibu asilimia 30 ya kipato chake kilichorekebishwa, kwa hiyo kuzitaja kutakuongezea kama dola 156 za kodi kwa mwezi. Najua hizo ni chakula, ni ada ya mtu huko nyumbani, na siwezi kukuambia ni kidogo. Lakini kuzificha maana yake ni kutia saini uongo kila unapohojiwa, na pesa hizo zikijulikana ofisi inadai tofauti yote ya nyuma, inaweza kukunyang'anya vocha, na deni hilo linakufuata kwenye ofisi yoyote ya nyumba utakayoomba nchini. Anayekulipa akuandikie barua: tangu lini, kiasi gani, mara ngapi, na simu yake. Akikataa, andika tamko lako mwenyewe na uambatanishe daftari la malipo. Ofisi ina ngazi za ushahidi, na kauli yako inakubalika pale ngazi za juu zinaposhindikana. Pia, anayejifanyia kazi mwenyewe akapata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka anatakiwa kujaza fomu za kodi ya mapato za IRS, idara ya mapato ya serikali kuu. Ukizijaza, nakala yake inakuwa ushahidi mzuri mno.

Kuna jambo hukuliuliza, ila nalikuta karibu kila nyumba ya Waswahili hapa. Mnacheza upatu? Likelemba? Ofisi nyingi huomba taarifa za benki, na mwezi wako wa kupokea ukifika, akaunti inaonyesha dola 3,000 zimeingia kwa siku moja kutoka kwa watu kumi wasiojulikana. Hizo ni akiba yako inayorudi, si kipato, lakini afisa hawezi kulijua hilo kwa kuangalia namba tu. Leta karatasi ya kundi: majina ya wanachama, mchango wa kila mwezi, zamu ya kila mmoja, na saini ya anayeshika daftari. Onyesha kwenye taarifa zako za nyuma pesa hizohizo zikitoka kidogokidogo. Hali ni hiyohiyo kama akaunti yako ndiyo inayokusanya michango ya msiba au pesa za majirani za kutuma Kigoma na Uvira. Ningekushauri kazi hiyo ihamishiwe kwa mtu asiye na vocha. Na pesa unazotuma wewe kwa ndugu, Mama, hazipunguzwi kwenye hesabu. Inauma, nakubali, maana kwetu hilo si hiari. Lakini kwenye hesabu ya ofisi zinahesabika bado ziko mkononi mwako.

Fomu ya idhini, 9886, itiwe saini na kila aliyefikisha miaka 18. Kijana wako akifikisha umri huo kabla ya usaili, mlete. Kukataa kutia saini ni sababu tosha ya kunyimwa. Usitie saini fomu yoyote iliyo tupu, wala usimwachie mtu karatasi zako halisi. Wanapiga nakala na kukurudishia papo hapo. Na maombi haya ni bure. Anayekutoza kwa kujaza au kuharakisha anakuibia.

Kwenye usaili, omba mkalimani kwa maandishi, mapema. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyosukuma huduma za lugha ilifutwa Machi 2025, lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado inakataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya taifa, na ofisi nyingi bado hutumia wakalimani wa simu. Hata hivyo, usiende mikono mitupu: nenda na mtu mzima unayemwamini, anayejua Kiingereza cha ofisini. Mtoto asitafsiri. Hawezi kujua tofauti ya "kipato" na "akiba", na asibebeshwe mzigo wa nyumba yote kwa neno moja alilokosea.

Wakikukatalia, lazima wakupe sababu kwa maandishi, na una haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Hesabu siku zilizotajwa kwenye barua hiyo kuanzia tarehe iliyoandikwa, wala si siku uliyofungua bahasha. Kama sababu ni uhamiaji, una siku 30 za kukata rufaa kwa idara ya uhamiaji, na ofisi haitakiwi kukunyima kwa kuwa tu uthibitisho wa karatasi ulizowasilisha kwa wakati haujakamilika. Hapo nenda ofisi ya msaada wa kisheria siku hiyohiyo.

Na usishtuke wakikuita baada ya miezi michache kudai tena karatasi za mshahara ulizokwishapeleka. Kanuni inataka ustahiki wako uwe umethibitishwa ndani ya siku 60 kabla ya vocha kutolewa, kwa hiyo faili likikaa, karatasi zinachacha. Mwambie mume azihifadhi zote kuanzia leo kwenye bahasha moja, za zamani chini na mpya juu, na kama mnahama au mnabadilisha simu, wapelekee anwani mpya kwa maandishi kabla hata hamjafungua mizigo.